Mbunge Anayekunywa Maji Katikati ya Swali

Mbunge wa bonde anakoishi Bi Mererid hapazi sauti. Akisimama kuuliza swali katika Bunge la Wales, hubandika mikono yake mipana mezani, hukohoa kidogo, kisha husema Kiwelisi polepole, na mawaziri wasiokijua huvaa visikilizio wapate tafsiri. Katikati ya swali hunyamaza, akanywa maji. Siku moja Mererid, akiwa kwenye roshani ya wageni, alidhani ni kiu tu. Mbunge alieleza bila kupamba kwamba basi la kuvuka mlima limefutwa, na kwamba mume wa Mererid yuko ng'ambo ya mlima huo katika nyumba ya wazee, ameanza kusahau jina la mkewe. Akanywa maji. Waziri akadhani amemaliza, akavua visikilizio. Mbunge akaweka glasi chini.

"Je, Waziri atakuja Alhamisi kungoja basi hilo pamoja na Bi Mererid?"

Waziri, ambaye hakupata tafsiri, aliitikia kwa kichwa. "Bila shaka. Nakubaliana kabisa na mheshimiwa." Ikaingia kwenye kumbukumbu rasmi.

"Wewe mama una hila!" Mererid alimwambia mbunge ngazini.

"Koo lilikauka."

Alhamisi mvua ilinyesha. Waziri alisimama kituoni na viatu vyake vya mjini, akatazama barabara tupu, akatazama saa.

"Kwani basi linapita saa ngapi?"

Mbunge alikohoa kidogo.

"Sogea huku, mwanangu, utalowa," Mererid akasema, akimpa nusu ya mwavuli. "Mimi nalingoja tangu Machi."