Jina la Nekesa Kwenye Karatasi Yangu

Siku yangu ya kwanza katika hebaria nilivaa viatu vya visigino, nikajuta kabla ya saa ya chai. Nilikuwa nimehamishwa kutoka chumba cha wapiga taipu katika ofisi moja katikati ya jiji, maana kompyuta zilikuwa zimeingia na mabosi wameanza kujiandikia barua wenyewe. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilidhani napelekwa mahali pa kungojea kustaafu.

Hebaria, kwa mnaosikia neno hilo mara ya kwanza, ni maktaba ambayo badala ya vitabu ina mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu. Kila karatasi huwa na kibandiko kinachoeleza mmea ulichumwa wapi, na nani, na watu wa huko wanautumiaje.

Bosi wangu wa kwanza pale alikuwa Mtunza Mkuu, mzee mrefu wa sauti ya chini. Alinipa tawi moja kavu, gundi, sindano na uzi.

"Panga kwanza, Bi. Wanjiru. Usibandike."

Nikalipanga kama maua ya mezani. Akalitazama kwa muda.

"Umepanga uzuri. Mimi nataka ukweli. Geuza jani moja tuone mgongo wake. Atakayekuja kulitazama sisi tukiwa tumekufa hataweza kuligeuza."

Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya ubandikaji, na sikuisahau. Nilijifunza kugandamiza majani kwa vifuko vya mchanga hadi gundi ishike, kushona vijiti vinene kwa uzi, na kuweka kibahasha pembeni cha kutunzia mbegu na vipande vinavyodondoka. Nilijifunza kutia mimea mipya kwenye friza ili wadudu wafe kabla hawajaingia kabatini. Kazi ilinipenda, nami nikaipenda. Wageni walipokuja, Mtunza Mkuu aliwaleta mezani kwangu kabla ya kwingine kokote.

Kisha akaja Nekesa.

Agnetta Nekesa alitoka kitalu cha miche, akaajiriwa kama mkusanyaji, yaani mtu wa kwenda porini kuchuma vielelezo. Alikuwa mdogo kwangu, anaishi kwa dada yake mtaa wa Mountain View, na alivaa buti hata siku za ofisini. Kila asubuhi alipita mezani kwangu akiniita kwa jina la binti yangu, "Sasa, Mama Kui? Umeamkaje?" na kila asubuhi niliona matope aliyoacha sakafuni. Alipokuwa akisimulia jinsi alivyopanda mti kufuata ua moja, Mtunza Mkuu alicheka hadi akavua miwani. Mimi sikuwahi kumchekesha mtu yule. Nilianza kumwonea Nekesa wivu hapo, kwa jambo dogo kama hilo, na wivu wenyewe ulikuwa na afya nzuri, ukanenepa.

Ulinenepa hasa kwa sababu ya kisiwa. Sitakitaja jina, maana wako watu wanaong'oa mimea adimu ili kuiuza, na sisi tulifundishwa kufunga mdomo. Ni kisiwa kilichotengana na bara zamani mno, mkondo wa kina kirefu ukapita katikati. Mimea iliyobaki huko haikuchanganya tena mbegu na ndugu zake wa bara, ikabadilika kidogo kidogo kizazi kwa kizazi, hadi mingine ikawa haipatikani popote duniani isipokuwa pale. Sehemu yetu ilipewa kazi ya kuandaa kitabu kuhusu mimea hiyo: imetokana na nini, inaota wapi, na wenyeji wanaifanyia nini. Ukutani tulitundika ramani ya mtawanyiko, ambayo kila mmea uliochumwa hutiliwa nukta mahali ulipopatikana. Upande wa bara nukta zilijaa kama surua. Kisiwani palikuwa peupe.

Nilikuwa sijawahi kuona bahari. Nikaenda ofisini kwa Mtunza Mkuu.

"Naomba nitumwe kisiwani."

"Nikikutuma wewe, nani atabandika?"

"Nekesa yupo."

"Nekesa anabandika kama mtu anayepiga plasta kidonda," akasema. "Hapana, Bi. Wanjiru. Mkono wako ni wa hapa."

Alidhani amenisifu. Nilitoka pale nikiwa nimefungiwa na sifa zangu mwenyewe.

Nekesa akaenda. Vifurushi vikaanza kufika kwa basi, mimea imelazwa ndani ya magazeti na kubanwa kwa fremu za mbao. Nilipofungua magazeti yale, mchanga mweupe ulimwagika mezani, nami nikaukusanya kwa kiganja na kuutupa kwenye ndoo ya taka kabla mtu hajaniona nikiutazama. Aliporudi mwenyewe alikuwa ameungua na jua, na matamshi ya pwani yameanza kumkaa mdomoni.

"Mama Kui, ungekuwepo!" aliniambia. "Kuna wamama huko wanasuka mikeka. Wanachemsha mizizi ya kamti fulani, maji inakuwa nyekundu, wanatia ukili ndani, hizo nyuzi zao za kusukia. Sasa mimi nikaenda kuwachimbia mizizi nikidhani nasaidia. Wakanicheka! Mmoja akaniambia, 'Huo nduguye tu, hautoi rangi.' Nikaiangalia hiyo miti miwili, nikaona ni sawa kabisa. Nikakaa chini. Nikaangalia tena."

Miti yote miwili ilikuwa ya jamii ya mbuni, mti wa kahawa. Katika jamii hiyo, pale majani mawili yanapoelekeana, huwa na kigamba kidogo katikati yao. Katika ule nduguye, unaoota hata bara, kigamba ni kizima. Katika ule wa wasuka mikeka kilikuwa kimepasuka mara mbili na kuota manyoya. Mtu angeweza kuupita maisha yake yote. Nekesa hakuupita.

Vipande vilipelekwa hebaria za nchi nyingine vikalinganishwe, tukangoja muda mrefu. Siku moja wakati wa chai Mtunza Mkuu akasimama na kikombe mkononi. Mmea ulikuwa mpya, akasema. Haukuwa na jina katika sayansi, ingawa wamama wa kisiwani walikuwa wameuita kwa jina lao tangu mababu zao. Yeye ndiye angeuandika, na angeupa jina la mtu aliyeutambua. Utaitwa *nekesae*. Akatufafanulia kwamba hizo herufi mbili za mwisho ni za Kilatini, zinaonyesha kuwa anayeheshimiwa ni mwanamke.

Watu wakapiga makofi. Mimi pia nikapiga. Huku mikono ikipiga, kichwani nilikuwa natamka *wanjiruae*, na nikaona kwamba linatamkika vizuri tu.

Jioni hiyo, nyumbani Woodley, nilimweleza mume wangu. Alikuwa anatengeneza redio, hakuinua kichwa.

"Kwani jina la mti linaliwa?"

"Sitaki kulila. Nataka kuitwa."

"Mimi nakuita kila siku."

"Wewe unaniita ukitaka chai."

Hapo akainua kichwa, akaniona jinsi nilivyokuwa, akaenda kupika chai mwenyewe.

Mmea mpya ukipewa jina, karatasi moja huchaguliwa kuwa shahidi wake. Sisi tuliiita kielelezo mama. Huwekwa katika jalada jekundu, kabati lake peke yake, na mtu yeyote duniani akibishana kuhusu mmea huo, hurudi kwenye karatasi hiyo. Niliomba kazi ya kuibandika apewe mwenzangu wa meza ya pili. Nikasema macho yananisumbua. Mtunza Mkuu akakubali, lakini Nekesa alipopata habari alikuja akasimama mbele yangu, na kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka.

"Mama Kui, naomba ubandike wewe. Sitaki mtu mwingine aiguse."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nitakufa na hii karatasi itabaki. Na wewe ndio mzuri kuliko wote. Unajua, na mimi najua."

Ningeweza kumchukia vizuri zaidi kama asingesema hivyo. Nikavuta taa karibu.

Nilibandika kielelezo kile kama sijawahi kubandika kitu. Niligeuza majani mawili, moja changa na moja lililokomaa. Nilipasua tunda moja na kuliacha wazi, nikashona mzizi uonekane pale ulipokatwa, na kile kigamba chenye manyoya nikakielekeza juu ili hata mtu wa haraka asikikose. Msidhani nilifanya hivyo kwa upendo. Nilitaka kila atakayefungua jalada lile kusoma jina la Nekesa aone kwanza mkono wangu. Wivu ulinishikia sindano siku ile, na haukutetemeka.

Nekesa alipoiona, machozi yakamtoka.

"Rudi nyuma," nikamwambia. "Utailowesha."

Miaka iliyofuata alikwenda kisiwani mara kwa mara. Mizizi ilikuwa inachimbwa kuliko mmea unavyoweza kuota tena, kwa hiyo yeye na wasuka mikeka wakaanza kuupanda kwa vipandikizi karibu na nyumba zao, wakawa wanakata mzizi wa upande mmoja tu na kuuacha mti uishi. Kitabu kilipotoka, Mtunza Mkuu akastaafu, na Nekesa akafanywa Mkuu wa Sehemu. Nikawa nampelekea yeye ruhusa zangu za likizo azitie sahihi. Aliendelea kuniita Mama Kui, na hakuwahi kunikatalia siku hata moja. Hilo nalo liliniudhi.

Nilistaafu muongo ule ulipokuwa ukiisha. Walininunulia keki na blanketi. Nekesa alitoa hotuba nzuri mno, ya kunisifu toka mwanzo hadi mwisho, nami nilikaa nikifikiri kwamba hata hotuba anajua.

Baadaye nilikwenda maonyesho ya kilimo uwanja wa Jamhuri na mume wangu, yeye kutazama ng'ombe, mimi kutembea tu. Katika banda moja la mimea nikaukuta mti wa Nekesa umekaa ndani ya chungu, kijani, hai. Sikuwahi kuuona hai kabla ya siku hiyo. Majani yalikuwa laini kuliko nilivyowaza. Mhudumu wa banda, msichana mwenye fulana ya kazi, alikuwa akiwaeleza watu kuhusu rangi ya mikeka. Mzee mmoja akamuuliza maana ya lile jina refu lililoandikwa kwenye kibao cha chungu.

"Hiyo ni Kilatini tu," akasema. "Nadhani ni mzungu fulani wa zamani."

Sikujua nimeshasogea mbele hadi niliposikia sauti yangu.

"Si mzungu! Ni Nekesa. Anakaa Mountain View na yuko hai. Alikaa chini kwenye mchanga akaangalia miti miwili ambayo nyinyi nyote mngeipita, akaona ni tofauti. Ukisimama hapa kueleza watu, eleza hivyo."

Nikaendelea. Niliwaonyesha kigamba, nikawaeleza habari za wasuka mikeka na vipandikizi, nikamsifu Nekesa kuliko alivyonisifu siku ya keki, na kila sifa ilinichoma ikitoka. Jina lile nilikuwa nimelitamani mno kiasi cha kutovumilia mtu alichezee.

Yule msichana alitoa kalamu, uso umejaa aibu.

"Pole sana, mama. Nitarekebisha. Na wewe, unaitwa nani?"

Nikamwambia jina langu si la muhimu. Kisha nikamtajia majina yangu, yote matatu, polepole, ili aweze kuyaandika.