Udongo wa Murti

Kijijini Khedi walimwita Murti wa Mavi, na jina hilo walilianza kwa kumcheka. Kila asubuhi, akishakamua nyati watatu wa kufugwa wa nyumbani kwao, alijaza karai la samadi, akalitwika, akakata kijiji kizima nalo mpaka shamba la miti ya popla nyuma ya shule. Siku za mvua samadi ilimtiririkia shingoni. Wanaume waliozoea kukaa mbele ya duka la fundi cherehani wakivuta kiko cha maji waliziba pua kwa vilemba vyao.

"Haya, pisheni, arusi inapita!" alipiga kelele mmoja wao. "Bibi arusi na manukato yake!"

Murti alivuta mtandio ukamfunika uso mpaka kidevuni, akapita. Alikuwa na miaka thelathini na minne, kumi na mitano kati ya hiyo ameimaliza hapo Khedi akiwa mke wa Ramphal na mama wa mtoto wao, Kusum. Ramphal alikuwa mpole, mzuri wa mifugo, na wa mwisho kusema popote walipokaa watu. Wa kwanza kusema alikuwa kaka yake mkubwa, Rishal. Baba yao alipofariki aliiacha ardhi yote kwa jina la Rishal, na hao ndugu hawakugawana. Walikula jiko moja.

Katika miaka yote hiyo Murti hakuwahi kumsemesha Rishal hata neno moja, wala Rishal hajamwona uso. Ndivyo ilivyo kwao: mke wa mdogo hujifunika mbele ya kaka mkubwa wa mumewe, na akiwa na jambo hulipitisha kwa mtu. Murti aliyapitisha ya kwake kwa Ramphal, au kwa Angoori, mke wa Rishal. Rishal aliijua miguu yake na mlio wa bangili zake, basi.

Lile shamba lilikuwa la ekari mbili. Miaka na miaka lilipandwa miwa, kisha mpunga, kisha ngano, bila kupumzishwa, likilishwa mbolea ya dukani mpaka likakataa. Ukilipiga jembe, jembe linarudi. Maji ya mvua yalisimama juu yake kama kwenye sahani. Rishal alipochoka nalo alipanda mipopla, miti ya shina jeupe lililonyooka ambayo viwanda vya mjini huichuna kuwa mbao nyembamba. Haina madai mengi. Unaipanda, unainywesha, unasubiri miaka sita au saba.

Murti aliiona ile nafasi kati ya mstari na mstari, hatua tano tupu, akapata wazo. Mama yake mzazi alikuwa na shimo la mboji nyuma ya nyumba, na Murti amekulia mikono ikiwa humo. Aliliomba shamba kupitia kwa Angoori wakiwa wanakanda unga.

"Nataka kupanda haradali pale kati ya miti, dada. Mwambie shemeji."

Angoori alicheka mpaka unga ukamwagika. "Mdogo wangu, pale hata magugu yameshahama! Utapanda haradali au utaizika?"

Lakini alimwambia mumewe. Jibu la Rishal lilikuja jioni likipita kwa Angoori vilevile: achezee tu, mradi asikate mizizi ya miti yake.

Mwaka wa kwanza haradali ilimfika gotini, nyembamba, ya manjano kabla ya wakati wake. Alivuna gunia lisilojaa. Wale wa dukani walimuuliza Ramphal kama mkewe analima au anafuga panzi. Ramphal alicheka nao.

Murti hakukoma. Alichimba mashimo mawili pembeni mwa shamba, akayajaza samadi, makapi ya ngano, majivu, na chochote alichokiokota. Novemba, mche wa haradali ukiwa bado na majani manne, mipopla huanza kupukutika, na jani la popla ni pana, likilala juu ya mche linauziba. Alipita mstari kwa mstari ameinama, akiyaokota moja moja, akayatia shimoni. Wengine huyachoma. Alipata minyoo ya udongo kwa mwanamke wa kijiji cha pili, akaileta ndani ya chungu chenye samadi mbichi kama mtu anayebeba maziwa. Haradali ikishakamuliwa mafuta, mashudu yake hakuwapa nyati yote. Nusu aliyarudisha shambani.

Mwaka wa tatu jembe liliingia. Hakumwambia mtu. Alipiga magoti, akafukua kwa vidole, akakuta mnyoo mnene unajikunja, akaufunika tena upesi kama aliyechungulia chumba cha watu. Mwaka wa tano udongo ulikuwa mweusi na ukinukia mvua hata kiangazi, na haradali ilimfika mabegani. Januari, mipopla ikiwa mitupu na jua linashuka lote mpaka chini, maua yalijaa kati ya mashina meupe, mistari ya manjano isiyo na mwisho, na nyuki wakivuma hata waliopita barabarani walisimama.

Jina lake likabadilika ladha. Wanawake walikuja na chupa kuomba mafuta ya Murti wa Mavi, ya kukaangia, ya achari, ya kumkanda mzazi na mtoto wake. Mafuta yaliwachoma pua wakayasifu huku machozi yakiwatoka. Rishal naye alianza kuleta wageni shambani. Siku moja Murti akiwa ameinama kwenye mstari wa tatu alimsikia akimwambia mtu wa mjini, "Ardhi yangu hii. Nimeitunza sana." Murti aliendelea kung'oa magugu. Alijiambia kwamba maneno hayapunguzi udongo.

Mwaka wa saba miti ikawa imeiva. Mwanzoni mwa Februari mfanyabiashara wa mbao alikuja, akaipima kwa kamba, wakapatana na Rishal. Haradali ilikuwa na maganda mabichi, bado wiki tano ikauke. Murti alimngoja Ramphal mpaka alipomaliza kula.

"Baba Kusum, kaka yako akate miti yake, ni haki yake. Mwambie tu angoje wiki tano. Miti haiozi."

"Nitamwambia."

"Utamwambia lini?"

"Nimesema nitamwambia, Mama Kusum. Hebu niache nipumue."

Siku ya tatu alimuuliza tena. Ramphal akasema amekwisha kumwambia, na Rishal amekubali. Murti alimkaangia chapati za mahindi kwa siagi siku hiyo.

Wakataji walifika Jumatatu ya wiki iliyofuata, wanaume wanane na misumeno ya injini. Murti alisikia mngurumo akiwa zizini, akadhani ni trekta. Alipofika, mistari miwili ilikuwa chini. Popla likianguka halianguki peke yake. Lililala kwa urefu wake wote katikati ya haradali, kisha wakalikata matawi papo hapo, kisha wakayaburuta magogo kwa mnyororo juu ya mistari iliyobaki. Angoori alikuwa amekuja kuokota kuni.

"Dada!" Murti alimshika mkono. "Si shemeji alikubali kungoja?"

"Kungoja nini?"

"Wiki tano. Baba Kusum alimwambia."

Angoori alimtazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha mdomoni. "Ramphal? Ramphal hajasema kitu, mdogo wangu. Angesema ningesikia, kila walipokaa mimi ndiye niliyewapelekea chai."

Murti alimkuta mumewe anawaogesha nyati. Alisimama mbele yake. Ramphal hakuinua kichwa, aliendelea kusugua mgongo wa nyati pale pale palipokwisha kutakata.

"Ningemwambiaje?" alisema mwishowe. "Yule ni kaka yangu. Ningeonekana nampangia."

"Ukanidanganya."

"Nilitaka ulale."

Murti alichukua mundu. Alirudi shambani, akafyeka haradali mbichi iliyopondwa akawatupia nyati, na ile michache iliyonusurika pembeni akaikinga kwa mwili wake, wakataji wakimpigia kelele kwamba atapondwa. Machi alivuna magunia mawili mahali alipozoea kumi na matatu. Lakini hakulia. Usingizi ulipomkataa aliwaza hivi: miti imekwenda, haradali imekwenda, ila udongo upo. Watapanda mipopla mipya. Miaka miwili ya kwanza miti ikiwa midogo jua ni tele, haradali itanenepa kuliko ilivyopata kunenepa. Akaanza kutwika karai upya, akaieneza samadi yote ya miezi hiyo juu ya shamba tupu.

Mwezi wa Mei, ngano ikiwa imekwisha kuvunwa, tingatinga la kuchimbia liliingia shambani, na nyuma yake matrekta manne yenye matela. Rishal alikuwa ameiuza ardhi kwa mwenye tanuri la matofali; si kiwanja chenyewe, udongo wake tu, kina cha mita moja. Wengi kwao hufanya hivyo. Shamba linabaki chini ya mashamba ya jirani kama beseni, na maisha yanaendelea.

Murti alifika na karai kichwani. Kijiko cha tingatinga kilikuwa kimekwisha kuonja kona ya mashimo yake ya mboji. Pale pembeni walisimama Rishal, mwenye tanuri, Ramphal, na baadhi ya wale wa dukani waliokuja kutazama mashine.

Alilitua karai. Akauinua mtandio kutoka usoni, akautupa mgongoni, akamwendea Rishal mpaka akasimama karibu naye kuliko alivyowahi kusimama maishani.

"Shemeji," alisema. "Huu udongo haukuwepo. Wewe unajua. Uliniachia jiwe. Nimeutwika miaka saba kichwani, karai kwa karai. Chukua ardhi yako, ila huo wa juu usiuchome. Mpe mtu mwingine alime kama hunitaki mimi. Usiuchome."

Dereva alizima mashine. Rishal aliutazama uso ule, uso wa mtu aliyekula naye jiko moja miaka zaidi ya ishirini sasa, kisha akageuza macho kando.

"Ramphal," alisema. "Mfunike mkeo."

Ramphal alikuja. Aliuchukua mtandio, akamfunika mkewe kichwa na uso, taratibu, kama anavyomfunika nyati baridi ikizidi. Murti hakusukuma mkono wake. Aliinama, akachukua karai lake lililojaa, akarudi nalo nyumbani njia ileile.

Lililomuuma zaidi alilisikia wiki mbili baadaye kwa Angoori. Mwenye tanuri alikuwa amejaribu udongo wa juu, akaurudisha. Umejaa mboji mno, alisema. Tofali likiingia motoni linapasuka. Alitaka ule wa chini, mwekundu. Kwa hiyo Murti angeweza kuambiwa achukue wake, angeusambaza popote. Lakini Rishal alikuwa anainua uwanja wa mbele ya nyumba mpya aliyokuwa anajijengea ili maji yasituame, na kifusi cha kujazia kilipatikana mbali. Wakaumwaga wote hapo, matela ishirini na mawili, wakaushindilia kwa mashine, wakamimina saruji juu.

"Nilimwambia akuulize," Angoori alisema. Alikuwa analia kwa kweli. "Akaniambia, kwa nini nimuulize, kwani bado anataka kunisemesha?"

Kijijini kisa kilisimuliwa mwaka mzima, na katika kisa hicho hapakuwa na udongo. Kilikuwa kisa cha mke wa Ramphal aliyemfunulia kaka mkubwa uso mbele ya wanaume. Wengine walisema amechanganyikiwa kwa kunusa samadi. Wanawake waliokuja zamani na chupa walimwamkia upesi wakapita. Jina la Murti wa Mavi likafa. Wakamwita Uso Wazi.

Oktoba, Ramphal alirudi kutoka kwa kaka yake amechangamka. Akakaa kwenye kitanda cha kamba, akavua viatu.

"Mama Kusum, kuna habari njema. Kaka amepanda popla kwenye lile shamba la kando ya mfereji. Anasema ukitaka, lima katikati. Anasema ardhi pale imechoka kidogo, lakini wewe una mkono."

Murti alikuwa anachambua dengu. Alizichambua mpaka zikaisha.

"Amesema nina mkono?"

"Amesema hivyo hivyo. Unaona, hana kinyongo."

Nyumba ilihitaji mafuta, na ya dukani Kusum alikuwa hayawezi, yalimkoroga tumbo. Kwa hiyo Murti alilima. Alipanda haradali kati ya mipopla michanga kando ya mfereji. Hakuchimba shimo. Majani ya popla yalipodondoka aliyaacha yalale yalipolala. Alimtuma Ramphal mjini kuleta mfuko wa mbolea, akaimwaga bila kupima, na samadi ya nyati akawaachia jirani waibebe bure.

Machi haradali ilitoka fupi, yenye maganda yaliyokunjamana. Ramphal alisimama kwenye kingo akaitazama, akasema pengine mwakani itakuwa nzuri zaidi. Murti alisema pengine. Alifyeka mstari wake mpaka mwisho, akafunga mganda, akajitwisha, na ulikuwa mwepesi hata hakuhitaji kuushika kwa mkono.