Almasi Iliyosikia Tone la Maji

Nilivuka ziwa kwa sababu ya ujumbe wa Kabula. Nilimfundisha fizikia hapa kwetu Sengerema, na sasa ni mtafiti Mwanza. Chombo chake cha kupimia kilikuwa kimegoma wiki tatu, na kesho yake alipaswa kuwaachia wenzake meza ya maabara. Aliniomba nikamtazamie. Sikukijua chombo hicho, lakini nilifunga safari.

Saa mbili asubuhi nilikuwa ndani ya kivuko. Mwanza nilikunywa chai mtaa wa Mirongo, nikapanda bodaboda hadi maabara yake Nyegezi.

Kabula alinipokea kwa shikamoo, macho mekundu kwa uchovu. Alinionyesha kipande cha almasi, kidogo kuliko chenga ya mchele. Ndani yake, alieleza, kuna mahali ambapo atomu moja ya kaboni haipo, na jirani yake ni naitrojeni. Elektroni za kasoro hiyo ni kama sumaku ndogo mno. Ukizimulika kwa mwanga wa kijani hung'aa nyekundu, na wekundu huo hubadilika usumaku wa karibu ukibadilika. Kwa hiyo almasi ingeweza kuhisi viini vya haidrojeni ndani ya tone la maji dogo kiasi kwamba mashine za kawaida haziwezi kulipima.

Lakini kwenye kompyuta mistari ilirukaruka tu. Nilikaa nikitazama. Baada ya nusu saa niligundua kwamba kila iliporuka sana, taa ya dari ilififia. Nikajua kuna mtu karibu anayevuta umeme mwingi, na umeme huzaa usumaku; nikauliza jirani ni nani. Ni fundi wa kuchomelea mageti, Kabula akasema, nao hawajawahi kuongea.

Saa sita tulimbishia hodi. Fundi Magesa alivua miwani yake myeusi, akatusikiliza.

"Mnataka nizime kwa muda gani?"

"Nusu saa tu, kaka," Kabula akajibu.

"Basi nitakula mapema. Ila na mimi nije nione."

Tulirudi watatu. Mistari ikatulia, kisha kilele kimoja chembamba kikainuka pale pale hesabu za Kabula ziliposema kingekuwa. Akaliondoa tone la maji juu ya almasi, kikatoweka. Akalirudisha, kikarudi. Moyo ulinidunda kama wa mwanafunzi siku ya matokeo.

"Hayo ni maji tu?" Magesa akauliza taratibu.

"Maji tu," Kabula akasema, huku akifuta machozi.

Saa kumi nilikuwa kivukoni tena, nimesimama njia nzima, sikuweza kukaa kwa furaha. Kabla hatujafika ng'ambo Kabula aliandika kwamba ameongezewa mwezi mzima wa kutumia meza ile. Nimefundisha sumaku miaka mingi, na jana ndipo nilipojifunza hili: chombo kinachoweza kusikia tone la maji humsikia na jirani, na mtafiti asiyemjua jirani yake kwa jina atahangaika bure.