Yai la Kwanza la Scholastique

Kazi ya kufundisha lishe Scholastique hakuiomba. Ilimwangukia kwa sababu ya sauti. Alikuwa mpika uji katika zahanati ndogo ya Buterere, kando ya jiji la Bujumbura, pembeni mwa mashamba ya mpunga, na alipowaita akina mama waje na vikombe, hata waliokuwa ng'ambo ya mfereji walisikia. Kwa hiyo mwalimu wa lishe aliyekuwepo alipokimbilia Kigoma kwa kuchoka na milio ya risasi, muuguzi mkuu, Jérémie, hakutafuta mbali. Alimkabidhi Scholastique koti jeupe lililombana kwapani, pamoja na picha kubwa ya yai lililokatwa katikati. Ulikuwa mwaka wa tisini na saba, nchi imewekewa vikwazo vya biashara na majirani zake, na maziwa ya unga ya watoto yalikuwa hayafiki tena. Jérémie alisema kwamba kama maziwa hayapo, kuku wapo, na karibu kila nyumba ya Buterere ilikuwa na mmoja au wawili.

Scholastique alikuwa na miaka arobaini na miwili. Alizaliwa Walungu, huko Kongo, akaja Bujumbura na mumewe Dieudonné, fundi mwashi, wakapanga nyumba mtaa wa Carama. Shule aliishia darasa la sita. Jumapili moja alikaa uani akaikariri ile picha kama katekisimu: yai hujenga mwili, kiini kina mafuta na vitamini ya macho, mtoto aliyeachishwa ziwa akipata moja kwa siku ataongezeka uzito. Neno "protini" alilitamka kwa kishindo, ungedhani ni yeye aliyelivumbua.

Akafundisha pia namna ya kutambua yai zuri. Aliliweka kwenye bakuli la maji mbele ya akina mama. Likizama na kulala ubavu, ni la juzi. Likisimama wima, limekaa sana, lipikwe upesi. Likielea, litupwe. Aliwaonya wasiwape watoto yai bichi, hata kama waume zao hulinywa hivyo wakidai linaongeza nguvu. Lichemshwe mpaka ndani pote pagande. Hapo picha ilikuwa imeisha, lakini Scholastique hakuwa ameisha. Akaongeza la kwake: yai la ganda la kahawia lina nguvu kuliko jeupe. Hakuna aliyemwambia hivyo. Aliona tu linafanana na kitu chenye nguvu.

Na muda wote huo, mwalimu huyu hakuwahi kutia yai mdomoni.

Bibi yake aliwaambia wajukuu wa kike kwamba msichana anayekula mayai atazaa watoto vipara. Scholastique aliwahi kumcheka bibi huyo mbele ya watu. Alijiona mwanamke wa mjini, tena mwenye koti. Kwake, hoja ilikuwa ladha tu: mayai hayapendi. Ladha yenyewe alikuwa hajaijua, lakini jambo hilo hakulichunguza. Nyumbani mayai yalikwenda kwa watoto watano, yanayobaki kwa Dieudonné, na yeye akamalizia mchuzi.

Baada ya miezi minane Jérémie alimwita kwenye mizani. Watoto walikuwa hawaongezeki. Mtoto wa mwanafunzi wake Orpha, kasichana kaitwako Sephora, alikuwa na uzito uleule wa tangu Pasaka, na miguu ilianza kuvimba. Jérémie aliuliza kwa upole kama akina mama wanaelewa somo. Scholastique aliapa kwamba wanaelewa, kwani huitikia wote kwa pamoja.

Hata hivyo, kesho yake alikwenda kwa Orpha kuangalia. Kuku alikuwepo, tena akitaga. Orpha alimkaribisha kwenye kigoda akamweleza bila kuficha: mayai huyapeleka dukani kwa Hamoud, Mwarabu wa barabarani, akarudi na chumvi na sabuni. Mengine anakula mume. Mtoto wa kike kumpa yai, mama mkwe hataki. Scholastique alipouliza kwa nini basi huitikia darasani, Orpha alisema kwamba mwalimu anasema vizuri sana, na si adabu kumkatisha.

Alirudi Carama kwa mguu amenuna, akimlaumu mama mkwe, akimlaumu Hamoud, akivilaumu hata vikwazo. Ilipofika zamu ya kujilaumu mwenyewe alikuwa ameshafika nyumbani.

Alhamisi iliyofuata alilitoa somo kwa ukali. Alisema kwamba imani za watoto vipara ni ujinga wa zamani, na kwamba mama anayemnyima binti yake yai anamnyima damu. Akina mama waliitikia. Ndipo Caritas, mama mnene wa makamo aliyezoea kukaa nyuma akinyonyesha mapacha wake, akainua mkono.

"Mama Mwalimu, usikasirike. Mi nauliza kitu kimoja tu. We mwenyewe unakulaka mayai?"

"Kila siku," alijibu Scholastique.

Uongo ulimtoka mwepesi kiasi kwamba alijishangaa. Caritas hakubisha. Aliinuka, akaenda kwenye jiko la uji ambako yai la somo lilikuwa limeshachemka, akalipoza kwa maji, akalimenya taratibu, akaja nalo kwenye kiganja.

"Basi kula, tuone vile inakulwa. Hatujaonaka mwanamuke anakula yayi mbele ya watu."

Akina mama thelathini walinyoosha shingo. Scholastique alilitazama yai. Lilikuwa jeupe, laini, lenye unyevu, nalo kama linamtazama pia. Alifikiria kusema kwamba ameshiba, au kwamba ni siku ya kufunga. Mwisho aliona koti lenyewe linamsuta, akauma nusu nzima kwa mkupuo, kama mtu anayemeza dawa.

Ute ulipita. Kiini ndicho kilichomfanyia kisa. Kilikuwa kikavu, kikagandamana kaakaani, na alipojaribu kumeza kikakwama katikati ya koo. Alikohoa. Machozi yakamtoka, kamasi zikafuata, na chembe za njano zikatua kwenye koti jeupe. Caritas alimpigapiga mgongoni kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa umeshika pacha mmoja, na Orpha akaleta maji. Mtu wa kwanza kucheka alijizuia. Wa pili hakujizuia.

"Ni mara ya kwanza, si ndiyo?" Caritas aliuliza.

"Ni mara ya kwanza," alisema Scholastique, sauti yake kubwa imebaki kidogo sana. "Bibi yangu alinikataza. Mi nawafundisha kitu chenye naogopa."

Kicheko kikawa cha wote, na yeye akiwamo, mpaka Jérémie akachungulia dirishani akidhani kuna ugomvi. Kilipotulia, midomo ikafunguka. Mmoja alisema kwao Muyinga yai linamzuia mwanamke kuzaa. Mwingine alisema yeye anaogopa tu kupigwa. Kisha Caritas akakiri kwamba tangu utotoni huiba mayai kiotani na kuyachoma kwenye majivu, amekula mamia, na amezaa watoto saba wenye nywele tele, mpaka sasa wanyozi wa Buterere wanamshukuru.

Kutoka hapo waliamua wenyewe: kila Alhamisi mwenye kuku alete yai, lipikwe palepale zahanati, pamoja na sombe ya majani ya muhogo au dagaa wa ndagala, watoto wale mbele ya mama zao, mama nao waonje. Mama mkwe wa Orpha alikuja Alhamisi ya tatu kufanya fujo. Akapewa sahani. Fujo ikachelewa, kisha ikasahaulika. Sephora alipona uvimbe wa miguu, na kufikia Krismasi alikuwa ameongezeka kilo moja na nusu. Si wote waliofika huko. Mmoja wa mapacha wa Caritas alichukuliwa na malaria mwezi wa Novemba, na siku hiyo somo halikuwepo, walikwenda wote msibani.

Jérémie alitaka kujua mbinu gani mpya iliyotumika, ili aiandike kwenye ripoti. Scholastique alimweleza yote, hata kamasi. Muuguzi alicheka kwanza, kisha akamwambia kwa aibu kwamba amekuwa akisikia somo la ganda la kahawia: rangi ya ganda hutokana na aina ya kuku tu, lishe ni ileile. Scholastique alimuuliza kwa nini hakusema mapema. Jérémie alijibu kwamba mwalimu alikuwa anasema vizuri sana.

Basi Alhamisi akasimama tena mbele ya wale wale, akalifuta somo lake la ganda kwa mdomo wake.

Yai la kuchemsha mpaka leo halipendi, na sasa anaweza kusema hivyo kwa haki. Lakini aligundua kwamba likikaangwa likaiva vizuri na nyanya, kitunguu na pilipili, huwa ni kitu kingine kabisa. Aliyeumia ni Dieudonné. Asubuhi moja alikuta sahani imegawanywa, akauliza nusu nyingine iko wapi. Mkewe alikuwa bado anaitafuna.