Sifuri ya Jumamosi

Nilimaliza masomo ya gumbaru ya jioni nikiwa na ndevu tayari, na cheti changu nikakipigilia ukutani kwa misumari minane, maana hati nzito namna ile ingeweza kuangusha nyumba. Kwa cheti hicho nikapata kazi ya utarishi katika ofisi ya misitu mjini Kakamega, miaka ya tisini ikiwa bado mipya. Kila siku saa tatu asubuhi, karani wa kituo cha msituni, kule mto unakotoka, alisoma kipimo chake cha mvua na kututangazia namba kwa redio ya ofisi. Mimi niliiandika ubaoni kwa chaki. Dunia nzima hakuna aliyeujali ubao ule ila mimi na mjomba wangu.

Mjomba ndiye aliyenilea. Alitega samaki kwa migono, vile vikapu virefu vya fito, ndani ya Mto Isiukhu chini ya mji. Kuogelea hakujua. Alisimama tu kwenye maji ya kiunoni, ameegemea mawe. Mvua ikinyesha msituni usiku, maji yalimfikia kesho yake mchana, hata kama kwetu ni vumbi tupu. Basi nikawa nabii wake. Ikizidi milimita ishirini, akae nyumbani. Ikipungua, aingie.

"Profesa, mawingu yameandika nini leo?"

"Kumi na mbili tu, mjomba. Kambare wamepanga foleni mpaka Mumias wakikungoja."

Kisha yule karani akastaafu, akaja mwingine, Msabato. Hilo nililijua, kwa kuwa alitusalimu kwa jina la Sabato siku ya kwanza. Jumamosi yake ya kwanza nilikuwa zamu, na redio ikakoroma tu. Ubao ukabaki na pengo. Gumbaru nilifundishwa kwamba jedwali haliachwi wazi, kwa hiyo nikachora sifuri moja safi, duara kama chungu, nikapanda baiskeli kurudi nyumbani.

"Huko juu kukavu kabisa," nilimwambia mjomba. "Hata vyura wanakohoa."

Alicheka, akabeba migono yake miwili.

Saa tisa mke wake alipiga ukelele uliofika Uganda bila pasipoti. Nilipofika mtoni, maji yalikuwa ya kahawia, yanabeba majani na matawi mazima. Mjomba alikuwa katikati, amekumbatia jiwe, maji kifuani. Majirani walirusha kamba ya ng'ombe. Ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Mimi nilisimama pale na elimu yangu yote. Kamba ya tatu aliidaka, wakamvuta.

Alitapika maji, kisha akanitazama. "Profesa, karani alisema sifuri?"

"Alisema," nikajibu.

"Alaaniwe huyo karani!" mke wake akalia, na majirani wakaongeza yao. Mtu aliyekuwa kanisani akiomba!

Wiki nzima ugali wangu niliulia nje, pamoja na kuku. Mjomba alisuka migono mipya. Ijumaa jioni akaniita.

"Kesho uniletee namba. Lakini ya karani sitaki tena. Niambie wewe mwenyewe. Mimi naendanga kwa neno lako."

"Mjomba, karani hakusema kitu. Jumamosi hafanyi kazi. Ile sifuri niliiandika mimi."

Akaweka fito chini. "Kwa nini?"

"Pengo lilikuwa linaonekana vibaya."

Nilingoja matusi. Ningeyapokea kwa shukrani.

"Maji yalipoanza kupanda," akasema polepole, "yalikuwa bado magotini. Ningetoka. Nikajiambia, profesa amesema kukavu, haya yatapungua sasa hivi."

Akaokota ufito, akaendelea kusuka. Tangu siku hiyo aliniita kwa jina langu, kama watu wengine wote.