Nyungu ya Ghalani

"Mafua si ugonjwa, nesi," afande aliniambia siku ile, na huku kamasi linamchungulia puani. "Mafua ni mafua tu."

Mimi mdomo wangu hauna breki, na wakati ule nilikuwa bado kijana. Nikamjibu, "Kama si ugonjwa, afande, mbona askari wako wanakohoa mpaka filimbi ya paredi haisikiki?"

Kambi yenyewe ilikuwa ndogo, nje kidogo ya mji wa Bariadi. Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoingia. Wanunuzi binafsi walikuja na malori yao, wakaanza kununua pamba kwa wakulima moja kwa moja, na maghala ya ushirika yakabaki na popo tu ndani. Ghala moja wakapewa askari waishi kwa muda, wakisubiri nyumba zao zijengwe. Muda huo ulikuwa mrefu, si unajua mambo ya serikali. Makapera walikaa upande mmoja, wenye familia upande mwingine, katikati magunia na mapazia ya mitumba yenye maua ya Ulaya. Mtu akipiga chafya huku, kule wanampa pole.

Daktari wetu wa wilaya ndiye aliyenituma. Alishawapokea wengi kutoka pale, wote homa, koo na kifua. Akasema ni virusi, na sindano zetu haziviwezi, kwa hiyo kinachotakiwa ni kujua vinapita wapi ili tupazibe. "Nenda wewe," akasema. "Kisukuma unakijua, na vyeo huviogopi."

Lakini mimi nilikuwa na sababu yangu. Wodini kwetu kulikuwa na mtoto njiti, binti wa dereva wa kambi hiyohiyo. Mimi ndiye niliyempokea alipozaliwa. Alikuwa mdogo hata kofia tulimtengenezea kwa soksi ya baba yake. Tulimfunga pamba, tukampanga chupa za maji ya moto ubavuni, mama yake akawa anamkamulia maziwa kwenye kijiko, na mtoto akakubali kuishi. Sasa alitakiwa aende nyumbani, maana wodi ilianza kujaa watoto wa surua na pale hapakuwa tena mahali pake. Na nyumbani kwake ni wapi? Ghalani, nyuma ya pazia. Nilimpenda mtoto yule, sifichi. Na nilijua mafua yale yakimpata tutamzika.

Basi nikaanza kazi. Kambi nzima ilikuwa na jibu lake. Wengine walisema ni vumbi la pamba lililobaki kwenye kuta, wengine wakasema ni popo, na mpishi akaapa kwa mama yake kwamba ni upepo wa kiangazi. Mimi nikakishuku kikombe cha bati kilichofungwa kwa kamba kwenye pipa la maji, kambi nzima inanywea hicho hicho. Nikakikata, nikaamuru kila mtu awe na chake. Nikafagiza ghala, nikamwagisha maji, nikafungulisha madirisha yaliyokuwa yamepigiliwa misumari tangu enzi za ushirika. Wakaendelea kukohoa. Tena safari hii walikohoa wakiniangalia.

Nikachukia. Na nikichukia ndipo akili yangu inapofanya kazi. Nikamwambia afande, "Sitaki tena wagonjwa. Niitie ambao hawajaugua hata mara moja."

Wakaja wachache, macho mekundu lakini vifua vikavu kabisa. Afande akawatazama kama mtu aliyeletewa mboga iliyochacha. "Hawa? Hawa ni walevi, nesi. Paredi ya jioni ikiisha wanaruka uzio kwenda kilabuni."

"Wanalala wapi?"

"Humu humu."

"Wanakula wapi?"

"Si hapa na wenzao!"

Mmoja wao akanikonyeza. "Ni komoni, nesi. Hospitali nanyi muweke komoni, wagonjwa watapungua."

Wenzake wakaangua kicheko. Afande akavimba. "Kwa hiyo unataka kuniambia kikosi changu kikanywe pombe?"

"Nataka uniambie wenzao wanafanya nini jioni, hawa wakiwa kilabuni."

Hapo akajinyoosha. "Wanajifukiza," akasema kwa fahari. "Wagonjwa na wazima, kwa amri yangu. Kinga ni bora kuliko tiba. Si mmeandika wenyewe kwenye ukuta wa hospitali yenu?"

Nikaona nisiondoke. Paredi ilipoisha nikakaa kwenye gogo, nikasubiri hiyo kinga.

Wakateleka sufuria kubwa ya ugali juu ya mafiga, imejaa majani ya mkaratusi, mwarobaini na mchaichai. Msimamizi alikuwa bibi mmoja mfupi, kajifunga khanga kiunoni, sauti kama ya kuitia ng'ombe. Alikuwa mama yake yule dereva. Ametoka Sola, kule Maswa, kumsubiri mjukuu, na kwa sababu mjukuu alikuwa bado hospitali, akaamua kuilea kambi. Sufuria ilipochemka wakaishusha, bibi akapiga kelele, na askari wakaingia chungu nzima chini ya turubai moja la lori, vichwa vimekutana juu ya mvuke. Jamani! Nilisikia wanavyokohoana usoni, wanavyopigiana chafya, wanacheka, wanatukanana kwa upendo. Walitoka wamelowa kama viazi vya kuchemsha. Kabla turubai halijapoa wakaingia wengine, wazima kabisa, na afande, na kamasi lake lile, akiwa wa kwanza kuinama.

Nilishika kichwa. Wale walevi hawakuwa na dawa yoyote. Walichokosa ni kuingia chini ya lile turubai.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu bibi kwa Kisukuma, maana hasira ni hasira lakini mkubwa ni mkubwa.

"Mwadila, ng'wanone. Umekuja kujifukiza, mwanangu?"

"Bibi, hawa wazima kwa nini wanaingia na wagonjwa?"

"Ili ugonjwa ukifika uwakute wameshafukizwa. Na mkamwana wangu akirudi na mtoto, nao nitawaingiza siku hiyo hiyo. Majani yao nimeshayaweka pembeni."

Nikasahau adabu yote. Nikapayuka kwamba nyungu haina ubaya, mtu ajifukize peke yake, na shuka lake, nje kwenye hewa, lakini hii yao ni kupikana mafua. Nikasema virusi vinawapenda sana, wameviwekea na paa. Afande akasema amri ni amri. Bibi yeye hakupayuka. Alinitazama kuanzia kofia mpaka viatu.

"Mimi nimezaa, nimelea, nimezika," akasema. "Wewe umezaa wangapi?"

Nilikuwa sijazaa, na nilikuwa nimetamani mno. Askari wengine wakacheka. Nikachukua baiskeli yangu nikaondoka, na siku hiyo mdomo wangu ukapata breki.

Kesho yake nikamwomba yule dereva amlete mama yake hospitali. Sikumwingiza wodini. Nilimsimamisha nje, dirishani, mkamwana wake akaifungua khanga taratibu akamwonyesha. Bibi akaegemea nondo za dirisha. Alikuwa hajawahi kumwona. Alitabasamu mpaka fizi za nyuma zikaonekana.

"Ni mzima?"

"Mzima, bibi. Ila hana nguvu ya kukohoa."

Akanigeukia. "Hana nini?"

"Askari wako wakiugua wanakohoa, uchafu unatoka. Huyu hawezi. Mafua yakimwingia, atanyamaza tu."

"Hawezi kukohoa," akarudia polepole, kwa Kisukuma. Na pale pale kikohozi kikambana yeye mwenyewe, cha kifuani kabisa, cha turubai. Akaliachia dirisha kama limemuunguza. Akarudi nyuma, na nyuma tena, kaziba mdomo kwa khanga, mpaka mgongo ukagota kwenye ukuta wa jengo la pili. Aliondoka bila kuaga.

Nilipofika kambini siku iliyofuata nilidhani kuna vita. Vitanda vilikuwa nje. Turubai limetandazwa juu ya miti katikati ya uwanja wa paredi, kuta hakuna, upepo unapita utakavyo, na kila anayekohoa kahamishiwa chini yake. Bibi alikuwa ameshika mwiko wa ugali anaelekeza. "Tokeni, tokeni wote! Mwenye nyumba anakuja!" Afande akajaribu kusema kwamba pale amri zinatoka kwake. "Na mafua uliyonayo ni ya nani?" bibi akamuuliza. Afande akabeba godoro lake. Kila mmoja alipewa kopo lake la majani na shuka lake, ajifukize anavyotaka mbali na mwenzake. Walevi, kwa kuwa ndio pekee ambao hawakuwahi kuingia chini ya turubai, wakapangiwa kuchota maji na kusugua upande wa familia. Walisugua wakiimba, wanajiita madaktari. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mtoto akaletwa ghala likiwa safi. Bibi hakuja kumpokea. Alikuwa ametandika mkeka wake mwisho kabisa wa uwanja, mbali kuliko hata askari, na hapo ndipo alipolala na kula. Kila asubuhi mkamwana alisimama mlangoni na kumwinua mtoto, na bibi akamwamkia kutoka kule, "Mwangaluka, ng'wanone!" Kwa kuwa mtoto hakuweza kujibu, askari walimjibia wote kwa pamoja, kwa sauti zile nzito za kijeshi, "Mwangaluka!" Mpaka mjini walikuwa wanasimulia.

Vikohozi vikaanza kupungua, wagonjwa wapya hawakuja, na mtoto akaanza kujaa mashavu. Kila nilipokwenda nilisikiliza vifua vya wote, cha bibi mwisho. "Bado?" ananiuliza. "Bado, bibi." Hakubishana hata siku moja. Nilitarajia anigombeze kama siku ile ya turubai, na upole ule uliniuma.

Mwishowe nikakisikiliza kifua chake nikakuta kikavu. Nikarudia, mbele na mgongoni, kisha nikamwambia, "Umepona. Twende ukamshike."

Hakuinuka. "Angekuwa wako," akasema, "ungenipa?"

"Ningekupa, bibi."

Tukavuka uwanja pamoja, askari wametulia wanatutazama. Alinawa mikono mpaka viwiko, akanawa tena. Nilimchukua mtoto kwa mama yake nikamweka mikononi mwake, mikono ile ile iliyoendesha kambi nzima. Hapo nikaona amegeuza uso pembeni, kafumba mdomo, shingo imekaza, na kifua hakiendi juu wala chini.

"Pumua, bibi," nikamwambia, na machozi yananitoka. "Umeshapona. Pumua."

Akapumua.