Moshi Katika Nyumba Nisiyoweza Kuingia

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo hata wewe ulikuwepo, ila hukuona kitu, maana ulikuwa mchanga wa siku chache na macho umeyafumba kama mzee kanisani wakati wa mahubiri.

Mama yako alikuwa anatoka hospitalini Nyamira alasiri hiyo, na nyanya yako alikuwa ameenda kumchukua. Mimi niliachiwa kazi ndogo: nipike maharagwe, nyumba ipate joto, na nikimbie Keroka kununua beseni la kukuogeshea. Kazi za mtu kama mimi hasa, niliyependa jiko kuliko barabara tangu utotoni. Wenzangu waliniita "mama watoto" kabla sijapata hata mtoto mmoja.

Basi nikainjika maharagwe juu ya mafiga, nikasukuma gogo la mkaratusi motoni, nikamwita babu yako aliyekuwa akichuma majani chai karibu na ua.

"Tata, niangalizie nyumba. Narudi sasa hivi."

"Sasa hivi ya wapi?" akauliza. Nikacheka, nikaondoka.

Unaijua chinsoni, ile heshima yetu: baba havuki kizingiti cha mwanawe aliyeoa. Mimi pia niliijua. Lakini ndoa yangu ilikuwa bado mbichi, na sikukumbuka kwamba mlinzi niliyemweka ni yule asiyeweza kuingia.

Njiani nikakutana na Ondieki, rafiki yangu wa boda boda, enzi hizo za baiskeli. Akasema panda, baba mtoto hatembei. Kwenye kilima mnyororo ukakatika, tukaisukuma baiskeli hadi Keroka, na mimi ndiye niliyesukuma zaidi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini siku hiyo nilihakikisha kwamba usufi nao hulemea.

Nikanunua beseni. Hapo ndipo ningalipaswa kugeuka. Mguu mmoja ulikuwa tayari umeelekea nyumbani wakati Mogaka, mwenzangu wa shule aliyekuwa akiuza ndizi, aliponiona.

"Haya, eti ulijifungua salama?" akapaza sauti, na wanawake wa sokoni wakaangua kicheko. "Shika hizi ndizi tupakie lori. Dakika tano tu."

Nikapakia. Kisha ikabidi ninywe chai ya hongera, na chai ya hongera haiendi bila mandazi. Mara mvua, ile yetu ya mchana isiyobisha hodi. Nikarudi nimejifunika beseni kichwani, mvua ikilipiga kama ngoma, nikijiona mjanja sana.

Nilipofika, babu yako alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya mlango wangu, ameupa mgongo, nguo zimelowa chapachapa. Kando yake palikuwa na mtungi mtupu na ule mti mrefu wa kuegemeza migomba, ncha yake imeungua.

Gogo lilikuwa limeporomoka na kuangukia kuni. Aliona moshi akaniita. Akaita majirani, nao wote walikuwa wameenda harusini. Basi akasimama mlangoni akarusha maji mtungi baada ya mtungi, na kwa ule mti akazivuta kuni zinazowaka hadi nje. Hakuingia.

"Moto umezimika," akasema polepole. "Kitanda kimelowa. Sikujua kiko upande gani. Sijawahi kuiona nyumba yako ndani."

Nikachungulia. Maharagwe yalikuwa sakafuni yakiogelea kwenye majivu, na godoro ambalo ungelilalia lilikuwa linatiririka maji.

"Wewe si mtoto mbaya," akaendelea. "Wewe ni mtu wa ndiyo. Ila ndiyo zako zote umewapa watu wa barabarani. Nyumbani umetuachia 'sasa hivi.' Nimewasha moto jikoni kwa mama yako. Mjukuu wangu atalala huko."

Mama yako alifika jioni amekubeba kifuani. Akaangalia ndani, akaniangalia mimi na beseni langu.

"Kumbe siku hizi maharagwe hupikwa sakafuni," akasema. Nyanya yako akacheka hadi akashika ukuta. Nami nikalala peke yangu juu ya gunia, nimekumbatia beseni. Mshika mawili moja humponyoka, na mimi nilishika manne.

Sasa nawe umeoa, umejenga pale chini ya migomba. Jumapili iliyopita nilikusikia ukiwa juu ya pikipiki, "Mzee, cheki hapo kwangu, nakam sasa hivi!" Nikacheka peke yangu. Damu nzito kuliko maji, hata yale ya mtungi.

Mwanangu, marafiki ni wema, wapende. Lakini ndiyo yako ya kwanza iwe ya nyumbani, wengine wapate itakayobaki. Ukimwachia mtu nyumba, jiulize kwanza kama anaweza kuingia. Na wenzako wakitaka kukupa hongera, waje kwako, wale maharagwe yaliyoiva.

Mungu aipe nyumba yako joto lisilo na moshi. Awape watoto wenye kelele, nami nikipita hapo nje nisimame kidogo, nisikie kicheko chao kupitia dirishani, kisha niende zangu. Mtungi wa babu yako bado ninao. Kila Jumapili naujaza maji, halafu naomba yasihitajike mlangoni kwako, ili jioni niimwagilie nayo miche ya sukuma wiki.